Jinsi ya kulitazama tone la maji ya chumvi likila chuma, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. Mbona kutu imeanzia katikati ya tone, si pembeni kwenye hewa nyingi? Mbona tone langu limekauka kabla sijaona kitu? Mbona kuna vitone vidogo kando ambavyo sikuviweka mimi? Na lile la kila mara: nimefuata maelekezo yote, mbona halijageuka rangi? Nimeyajibu mara nyingi mno, kila mara nikisahau kitu kimoja. Safari hii nimeyaandika yote mahali pamoja.

Jaribio lenyewe ni la zamani. Ulick Evans wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyelifanya lijulikane, katika miaka ya 1920, na hadi leo sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kuonyesha kwa macho jinsi chuma kinavyoliwa. Unaweka tone moja la maji ya chumvi juu ya bamba safi, unalipa dawa mbili zinazobadilika rangi, kisha unakaa kutazama. Sehemu ya rangi inakula kama saa moja hivi. Sehemu ya kusambaa kwa tone, ambayo wengi huiruka, inataka usiku mzima. Usiiruke. Kwangu mimi ndiyo yenye mafunzo zaidi.

Nadharia nitakupa kidogo tu, ili ujue unachokitazama. Chini ya tone kunafanyika kazi mbili, mahali pawili tofauti. Mahali pamoja chuma kinaachia elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji hasi, na kuyeyuka ndani ya maji. Hapo panaitwa anodi, na hapo ndipo chuma kinapoliwa. Mahali pengine, panapoitwa kathodi, oksijeni iliyoingia kutoka hewani inazipokea elektroni zile na kuyafanya maji yawe na alikali, yaani kinyume cha asidi. Elektroni zinapita ndani ya chuma, na chaji inarudi kwa kupitia maji. Chumvi haili chuma yenyewe. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kloridi, ambayo pamoja na sodiamu ndiyo inayounda chumvi, huvuruga utando mwembamba unaokilinda chuma. Basi, yanatosha.

Utakavyohitaji

Mabamba ya chuma cha kawaida, kile ambacho mafundi wa kuchomelea wanakitumia kila siku, unene wa milimita 1 hadi 3. Kata vipande vinne vya sentimita 5 kwa 5. Usitumie bati lililopakwa zinki wala chuma kisichoshika kutu. Sumaku haitakusaidia kulitambua bati la zinki, kwa sababu chuma cha ndani kinavutwa vilevile. Litambue kwa macho: lina rangi ya fedha iliyofifia, na mara nyingi lina madoa kama maua ya barafu.

Maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri au ya maabara. Hakikisha ni maji matupu, si maji ya asidi ya betri. Chupa za vitu hivi viwili hufanana.

Chumvi safi ya maabara ikipatikana. Ya mezani inafaa kwa jaribio la macho tu, lakini soma pakiti kwanza: chumvi nyingi hutiwa ferosianidi kidogo ili zisigandamane (E535 au E536), na hiyo ikikutana na chuma kilichoshika kutu inaweza kukupa ubluu ambao haukutokana na dawa yako.

Potasiamu ferisianidi, gramu 1 inatosha kwa muda mrefu. Tazama rangi ya punje: ferisianidi ni nyekundu, na ikiyeyuka inatoa maji ya njano. Ukipewa punje za njano, umepewa ferosianidi, ndugu yake, na jaribio halitakwenda. Majina yao yanatofautiana kwa herufi chache tu na nimeshawaona watu wengi wakikosea hapa.

Fenolftalini iliyoyeyushwa kwenye spiriti, gramu 1 kwa mililita 100.

Msasa namba 240 na 600, asetoni au spiriti safi, pamba isiyo na mafuta, glavu, miwani ya kukinga macho, bomba la sindano la mililita 1 bila sindano, lenzi ya kukuzia, tochi, rula, simu yenye kamera, na masanduku mawili ya plastiki yenye mfuniko unaobana.

Ukikosa zile dawa mbili za rangi, bado unaweza kuendelea na hatua zote isipokuwa ya 5. Utaona kutu tu, bila ramani ya anodi na kathodi. Wapo wanaotumia maji ya manjano badala ya fenolftalini, kwa kuwa manjano huwa mekundu kwenye alikali. Sipendekezi. Chuma kilichoyeyuka nacho kinayabadilisha manjano rangi, kwa hiyo hutajua umeona nini.

Onyo kabla ya kuanza

Ferisianidi usiichemshe, na usiichanganye na asidi ya aina yoyote. Ikikutana na asidi kali au moto inaweza kutoa gesi ya sianidi. Ikiwa baridi ndani ya maji ya chumvi haina matata, lakini vaa glavu, usitumie vyombo vya jikoni, na mabaki yote yaweke kwenye chupa moja yenye lebo ili yapelekwe kunakokusanywa taka za maabara. Kama wanaofanya jaribio ni watoto, dawa zishikwe na mtu mzima.

Hatua

1. Andaa mabamba.

Piga msasa namba 240 hadi weusi na kutu ya zamani viishe, kisha malizia na 600. Sugua kuelekea upande mmoja tu, usizungushe mkono. Mistari iliyonyooka itakusaidia baadaye kuona kutu inaanzia wapi. Ukimaliza, osha vumbi la chuma kwa maji safi, futa kwa pamba yenye asetoni, badilisha pamba, futa tena. Rudia mpaka pamba itoke nyeupe.

Sasa jaribu usafi wake. Mwagia maji safi juu ya bamba na ulisimamishe. Maji yakitanda kama shuka moja bila kukatika, bamba ni safi. Yakijikusanya kuwa matone au yakiacha visiwa vikavu, bado kuna mafuta. Rudi kwenye asetoni. Likishafaulu, likaushe papo hapo kwa asetoni na hewa, na ulitumie ndani ya saa moja.

Kuanzia hapa usiliguse uso kwa kidole. Mara ya kwanza nililishika bamba kwa mkono mtupu wakati wa kulihamisha, nikaliacha kwenye unyevu usiku kucha. Asubuhi nilikuta alama ya kidole gumba changu imechorwa kwa kutu, mistari yote ikionekana na hata kovu dogo nililonalo limo. Jasho nalo ni maji ya chumvi.

2. Andaa maji ya chumvi.

Gramu 3 za chumvi, gramu 97 za maji. Hayo ni maji ya asilimia 3, karibu na ya bahari, ambayo yana kama asilimia 3.5. Kama huna mizani, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 6. Kiyeyushe kwenye mililita 200. Usizidishe chumvi ukidhani kutu itakwenda mbio zaidi. Maji yenye chumvi nyingi sana hubeba oksijeni kidogo.

Gawa mara mbili. Nusu ya kwanza iache kama ilivyo. Katika mililita 50 za nusu ya pili tia gramu 0.05 za ferisianidi, ambazo ni punje chache tu, na nusu mililita ya ile fenolftalini. Maji yawe ya njano hafifu na angavu. Yakipauka kama maziwa, umezidisha fenolftalini, maana haipendi maji. Mwaga na uanze upya. Haya tengeneza siku ile ile ya kazi. Yakilala siku kadhaa kwenye mwanga yanaanza kuharibika, na yatakupa ubluu wa uongo.

3. Andaa sanduku la unyevu.

Hapa ndipo tone la wengi linapokufa. Tone likiachwa juu ya meza linakauka, chumvi inajikusanya pembeni, na picha yote inavurugika. Wengine wanajua hilo, kwa hiyo wanaweka bakuli la maji matupu ndani ya sanduku. Matokeo yake tone linavuta mvuke na kunenepa hadi linakatika.

Dawa ni rahisi. Mimina chini ya sanduku yale yale maji ya chumvi ya asilimia 3, kina cha sentimita 1, kisha tengeneza kijukwaa cha plastiki cha kuweka mabamba juu yake. Hewa ya ndani itakuwa na mvuke unaolingana na tone lako, kwa hiyo tone halitakauka wala halitanenepa. Funga mfuniko nusu saa kabla ili hewa itulie. Sanduku likae mahali penye joto lisilobadilika, mbali na jua. Likipata baridi ghafla, umande utadondoka kutoka kwenye mfuniko na kuharibu kila kitu.

4. Weka matone.

Bamba la kwanza ni la maji yenye dawa za rangi. La pili ni la maji ya chumvi matupu. La tatu ni la maji safi yasiyo na chumvi, la kulinganishia. La nne liache kavu kabisa. Hilo litakwambia kama kuna umande unaodondoka bila wewe kujua.

Vuta mililita 0.1 kwenye bomba, shusha ncha hadi milimita chache juu ya uso, sukuma polepole. Utapata tone la kipenyo cha karibu sentimita 1. Usilidondoshe kutoka juu, litarusha vitone pembeni, na baadaye utashindwa kutofautisha vitone ulivyorusha wewe na vile vilivyojizalisha. Usiweke tone dogo kuliko milimita 2 au 3 ukitarajia kuona pete. Kwenye tone dogo oksijeni inafika kila mahali kirahisi, hakuna katikati wala pembeni.

Piga picha na rula kando. Usichore duara kulizunguka tone kwa penseli. Risasi ya penseli ni kaboni, inapitisha umeme, na mstari wake unaweza kugeuka kathodi na kukuzalishia kutu ambayo si ya tone.

5. Tazama rangi.

Usiondoke dakika 20 za kwanza. Bamba la kwanza liweke juu ya sanduku lililofunuliwa kidogo, au tazama kupitia mfuniko kama ni angavu.

Ndani ya dakika chache utaona nukta za bluu zikijitokeza, nyingi juu ya mistari ya msasa, na karibu na kila nukta kuna kiwingu cha waridi. Bluu ni chuma kinachoyeyuka. Waridi ni alikali inayozaliwa na oksijeni. Wakati huu vimetapakaa ovyo, kwa sababu maji ya tone yalikuja na oksijeni yake, na iko kila mahali.

Kisha, pole pole, vinajipanga. Oksijeni ya katikati inaisha, na mpya inachelewa kufika kwa kuwa maji yana kina zaidi pale. Pembeni maji ni membamba, hewa inapenya haraka, kwa hiyo kazi ya kathodi inahamia huko. Utaiona waridi ikirudi nyuma hadi ukingoni na kujifunga kama pete, huku bluu ikijaa katikati. Mabamba yangu hufika hapo baada ya dakika 10 hadi 30. Yako yanaweza kuwahi au kuchelewa, kutegemea joto na chuma chenyewe.

Hapo ndipo swali la kwanza linapojibiwa. Chuma kinaliwa pale penye hewa kidogo, si pale penye hewa nyingi. Penye hewa nyingi panajilinda na kupafanya pa katikati paliwe. Kati ya bluu na waridi, chuma kilichoyeyuka kinakutana na alikali na oksijeni, na hapo kutu ya kahawia inatua kama pete. Kwa hiyo mahali unapoiona kutu na mahali chuma kilipoliwa hapalingani. Jambo hili limewapoteza hata mafundi wazoefu.

Pete hiyo ya kutu inaonekana vizuri zaidi kwenye bamba la pili, lisilo na rangi, baada ya saa moja au mbili. Ndiyo maana nilikwambia uliandae. Sababu nyingine ni kwamba ferisianidi yenyewe inaingilia kidogo: inazivuta ioni za chuma, yaani chembe zake zenye chaji zilizoyeyuka majini, na inaweza kuharakisha mambo. Rangi zikuonyeshe mahali tu. Kasi isome kwenye bamba la pili.

6. Tazama tone likitambaa.

Rudisha mabamba yote sandukuni, funga, subiri saa 6 hadi 12. Kisha zima taa za chumba, washa tochi, ilaze karibu usawa wa bamba ili mwanga upite ubavuni, na uangalie ukingo wa tone la pili kwa lenzi.

Kando ya tone, nje ya mpaka ulioupiga picha, utaona kama vumbi la ukungu. Sogeza lenzi karibu: ni vitone, vingine vidogo kuliko ncha ya pini, vimekaa kwenye mkanda unaolizunguka tone. Vilivyo karibu na tone huwa vikubwa, na kadiri unavyokwenda nje vinapungua. Subiri saa chache tena utakuta baadhi vimeungana na kumezwa na tone mama, na mkanda umesogea nje zaidi. Geukia bamba la tatu, la maji safi. Hapo mkanda huo haupo, au ni hafifu mno.

Inatokea hivi. Kathodi ya ukingoni inatengeneza ioni hasi za haidroksidi. Ioni hizo hazikai peke yake. Zinavuta sodiamu, ambayo ni chanya, itoke katikati kuja pembeni. Kloridi nayo inavutwa upande wa pili, kwenda katikati kuliwaza chuma kinachoyeyuka. Chumvi uliyoiweka ikiwa imechanganyika sawasawa imegawanyika: sodiamu na alikali ukingoni, kloridi moyoni. Alikali inaufanya ukingo ulowe vizuri zaidi, maji yanatambaa kwa utando mwembamba usioonekana, na penye utando huo mvuke wa hewani unatua kama vitone. Eneo jipya nalo linageuka kathodi. Kathodi ikipanuka, anodi ya katikati inafanyishwa kazi zaidi.

Ukitaka kuhakikisha, lowesha kipande kidogo cha karatasi ya chujio kwa fenolftalini, kikaushe kidogo, kisha kigusishe kwenye ule mkanda. Mara nyingi kitaona haya na kugeuka waridi. Kisipogeuka usikate tamaa; kaboni dioksidi ya hewani huimeza alikali ya vitone vidogo haraka.

7. Kausha, kisha lowesha tena.

Hatua hii ni ya hiari, lakini ndiyo inayofanana na maisha ya chuma nje. Toa bamba la pili, liache likauke lenyewe. Tone linapokonda, chumvi inakolea na hewa inapenya hadi chini kirahisi, kwa hiyo kutu huongeza kasi kabla maji hayajaisha kabisa. Ukibaki pale na lenzi utaona kahawia ikikolea mbele ya macho yako.

Likikauka, lirudishe kwenye unyevu. Punje za chumvi zitaanza kuvuta mvuke na kuwa maji tena bila wewe kuongeza hata tone. Chumvi safi ya sodiamu hufanya hivyo unyevuanga ukivuka takriban asilimia 75. Chumvi ya bahari haingoji huko, kwa sababu ina magnesiamu kloridi, ambayo inaanza kunywa mvuke kwenye asilimia 33 hivi. Kama unataka kuziona tofauti, tumia lile sanduku la pili: weka chini uji wa chumvi na maji, chumvi ikiwa nyingi kiasi cha kubaki punje zisizoyeyuka. Hewa ya juu yake itakaa kwenye asilimia 75. Weka ndani bamba lenye punje za chumvi ya bahari, nusu siku, na utalikuta linang'aa kwa majimaji. Bamba la nje lililopigwa na upepo wa bahari linaweza kuonekana kavu kabisa huku linaendelea kuliwa.

8. Fungua uone chini.

Chukua bamba la pili tu, lile lisilo na ferisianidi. Lisuuze, kisha lilaze kwenye asidi ya sitriki, gramu 10 kwa mililita 90 za maji, kwa dakika 20. Sugua taratibu kwa mswaki laini, suuza, kausha. Katikati pamefifia na kumong'onyoka, mistari ya msasa imekatika. Pembeni, palipokuwa na waridi kwenye bamba la kwanza, mistari ya msasa bado iko mizima na inang'aa kama siku ya kwanza. Bamba la kwanza usilipeleke kwenye asidi. Umeshaonywa juu.

Mambo yakienda kombo

Tone limejaa bluu yote mara moja. Kuna vumbi la chuma lililobaki baada ya msasa, au maji ya rangi ni ya zamani. Weka tone la maji ya rangi juu ya kioo kitupu: likiwa la bluu au kijani hata pale, tatizo liko kwenye chupa, si kwenye bamba.

Bluu ipo, waridi haipo. Mara nyingi fenolftalini imesahauliwa au ni kidogo. Pia usipumulie tone kwa karibu. Pumzi ina kaboni dioksidi, na waridi ya ukingoni inafutika nayo.

Waridi ipo, bluu haipo kabisa, na baadaye unaona unga mweupe. Hilo ni bati la zinki. Zinki ndiyo inayoliwa, chuma kimepumzika chini yake.

Hakuna lolote. Kama si chuma kisichoshika kutu, basi bamba lina mafuta ya kiwandani au vanishi isiyoonekana. Rudi kwenye msasa, usiridhike na asetoni pekee.

Tone limetuna kama shanga na linateleza: mafuta. Tone limelala bapa na kukimbia hadi ukingo wa bamba tangu mwanzo: mara nyingi ni sabuni iliyobaki. Ndiyo maana sikukwambia uoshe kwa sabuni. Tofautisha kukimbia huko, ambako ni kwa sekunde, na kule kutambaa kwa hatua ya 6, ambako ni kwa saa.

Kutu imekaa pembeni, katikati pasafi. Tone lilikauka. Angalia kama mfuniko unabana.

Bamba la maji safi nalo limeshika kutu. Ni kawaida, litashika tu, ila kwa kuchelewa na bila mpangilio mzuri. Likishika haraka sawa na la chumvi, umetumia maji ya bomba au umeligusa kwa kidole.

Bamba kavu, la nne, lina nukta za kutu. Umande wa mfuniko. Inamisha mfuniko kidogo ili matone yateremke upande mmoja, au tandika karatasi ya kunyonya chini yake.

Nimesafisha kutu yote, nimekausha, nimepaka mafuta, na baada ya wiki imerudi pale pale. Hili naulizwa kuliko yote, hasa na watu wanaotaka kupaka rangi. Kumbuka ile kloridi iliyovutwa kwenda katikati. Imejificha ndani ya vishimo, chini ya mabaki ya kutu, na kitambaa hakifiki huko; kufuta kwa kitambaa chenye unyevu kunaisambaza tu. Ukipaka rangi juu yake itavuta maji kupitia rangi, na utaona malengelenge. Ng'oa kutu yote, kisha loweka bamba kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, ya uvuguvugu, ukiyabadilisha mara kadhaa. Kila unapoyabadilisha, chota kidogo kwenye chupa safi ya kioo na utie tone moja la maji ya nitrati ya fedha. Yakipauka kama maziwa, kloridi bado inatoka, loweka tena. Yakibaki angavu, kausha kwa hewa ya moto na upake rangi siku hiyo hiyo.